Kilio Huanza Mfiwa: Uhakiki wa Masomo Saba ya Faraja Kutoka Kitabu cha Isaya

Utangulizi

Maandiko ya manabii wa Kiyahudi huingia katika madarasa yetu ya Kiswahili kwa milango mingi. Huingia kupitia somo la tafsiri, kwa sababu Biblia ni miongoni mwa matini ndefu zilizotafsiriwa zaidi ya mara moja katika lugha yetu. Huingia kupitia elimumitindo, kwa sababu ya takriri na tashihisi zilizojaa humo. Huingia pia midomoni mwa wanafunzi wenyewe, ambao wengi wao wamelelewa katika nyumba za ibada na waliyajua maneno ya Isaya kabla hawajalijua hata neno "uhakiki". Tatizo ni kwamba maandiko haya yanapofika darasani huwa yamekwisha kukatwakatwa. Mstari mmoja wa matumaini huchukuliwa hapa, mwingine pale, kisha mwanafunzi huambiwa aeleze ujumbe wake. Jibu huwa fupi: Mungu anawafariji watu wake, kwa hiyo tusikate tamaa. Jibu hilo si la uongo, lakini mtu angeweza kulitoa bila kuisoma matini yenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha njia nyingine ya kuyasoma maandiko hayo. Tutayatazama masomo saba ambayo Wayahudi huyasoma katika sinagogi kila mwaka, kwa majuma saba mfululizo, baada ya siku yao kubwa ya maombolezo. Hatutayajadili kama mahubiri, kwa kuwa hiyo si kazi ya idara ya lugha. Tutayajadili kama kazi ya fasihi ambayo imepangwa, na ambayo mpangilio wake una maana. Hoja yetu ni moja: katika masomo haya faraja si tangazo bali ni majibizano. Anayefarijiwa anaruhusiwa kukataa, na faraja haikamiliki mpaka yeye mwenyewe afungue kinywa. Wahenga wetu walikwisha kuliona jambo hili waliposema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia.

Haftara na mahali pake katika kalenda

Kila Sabato asubuhi katika sinagogi husomwa fungu la Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, na baada yake husomwa kifungu kutoka vitabu vya manabii. Kifungu hicho huitwa haftara. Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba neno hili limetokana na Torati kwa sababu ya kufanana kwa sauti, lakini mzizi wake ni tofauti, na maana yake ni kuhitimisha au kumaliza. Kwa kawaida haftara huchaguliwa kwa sababu inalandana na fungu la Torati la siku ile: Torati ikisimulia ujenzi, nabii naye atasomwa mahali anapozungumzia ujenzi.

Hata hivyo, kuna majuma kumi ambapo kalenda ndiyo inayochagua. Katikati yake kuna mfungo wa tarehe 9 ya mwezi wa Av, siku ya kukumbuka kubomolewa kwa hekalu la Yerusalemu mara mbili: mara ya kwanza na Wababeli mwaka 586 KK, na mara ya pili na Warumi mwaka 70 BK. Katika Sabato tatu zinazoutangulia mfungo huo husomwa maonyo na lawama, mara mbili kutoka Yeremia na mara moja kutoka sura ya kwanza ya Isaya. Siku ya mfungo yenyewe husomwa kitabu cha Maombolezo. Kisha zinafuata Sabato saba za faraja, mpaka karibu na mwaka mpya wa Kiyahudi. Masomo yote saba yanatoka katika sehemu ya pili ya Isaya, kati ya sura ya 40 na ya 63.

Ikumbukwe kwamba wataalamu wengi wa Biblia, hasa tangu Bernhard Duhm alipochapisha ufafanuzi wake mwaka 1892, huichukulia sehemu hiyo kuwa ya kipindi cha baadaye kuliko sura za mwanzo. Sura ya 40 hadi ya 55 huhusishwa na nabii asiyejulikana kwa jina, aliyesema na watu wa uhamishoni wakati Koreshi wa Uajemi alipokuwa akikaribia kuuteka Babeli, jambo lililotokea mwaka 539 KK. Zile zinazofuata huhusishwa na watu waliokuwa wamerudi na kukuta magofu. Kwa vyovyote vile, wasikilizaji wa kwanza wa maneno haya walikuwa watu ambao mji wao, hekalu lao na uhuru wao vilikuwa vimeshapotea. Msiba ulikuwa umekwisha kutokea, na swali lililobaki lilikuwa: mtu aliyefikwa na msiba wa namna hiyo huambiwa nini?

Mpangilio usiofuata kitabu

Tuyaorodheshe masomo hayo kama yanavyofuatana katika sinagogi:

1. Isaya 40:1–26
2. Isaya 49:14–51:3
3. Isaya 54:11–55:5
4. Isaya 51:12–52:12
5. Isaya 54:1–10
6. Isaya 60:1–22
7. Isaya 61:10–63:9

Mwanafunzi makini atagundua mara moja kwamba hesabu haiendi sawa. Somo la tatu linaruka mbele mpaka sura ya 54. Somo la nne linarudi nyuma mpaka sura ya 51. La tano linarudi tena sura ya 54, na kibaya zaidi, linasoma mwanzo wa sura hiyo majuma mawili baada ya mwisho wake kusomwa. Kama lengo lilikuwa kusoma tu maneno mazuri ya Isaya, ingetosha kuanza sura ya 40 na kwenda mbele. Aliyepanga hivi alikuwa na sababu.

Sababu hiyo inaelezwa na David Abudarham wa Sevilla, Hispania, mwanachuoni wa karne ya 14 aliyeandika kitabu cha kufafanua sala na taratibu za ibada. Akitegemea midrashi, yaani mapokeo ya ufafanuzi wa marabi, anasema kwamba tukiyasikiliza maneno ya kwanza ya kila somo, tutasikia mazungumzo. Katika somo la kwanza Mungu anawaagiza manabii waende kuwafariji watu wake. Katika la pili Sayuni anajibu kwamba Mungu amemwacha na kumsahau. Yaani maneno ya manabii hayajamwingia. Katika la tatu manabii wanarudi kwa Mungu na kumpa ripoti: yule mwenye kuteswa na kupigwa na tufani bado hajafarijika. Katika la nne Mungu anaacha kutuma wajumbe na kusema kwamba yeye mwenyewe ndiye mfariji. Katika la tano anamwambia yule aliyekuwa tasa apaze sauti ya furaha. Katika la sita anamwambia ainuke na kung'aa. Na katika la saba, hatimaye, Sayuni anasema kwa kinywa chake kwamba anafurahi.

Hii ni tamthilia ya matendo saba! Ina mgogoro, kwa kuwa wajumbe wanashindwa. Ina kilele, pale mtumaji anapokuja mwenyewe. Ina utatuzi, na utatuzi huo unatamkwa na mhusika aliyekuwa amegoma kufarijiwa.

Je, mapokeo haya yameitwika matini mzigo usio wake? Swali hili ni la haki, na mhakiki hapaswi kulikwepa. Ni kweli kwamba mazungumzo hayo yamejengwa juu ya maneno ya mwanzo tu. Ndani ya somo la pili, kwa mfano, lalamiko la Sayuni linajibiwa papo hapo kwa mfano wa mama anayenyonyesha, ambaye si rahisi amsahau mtoto wake. Hata hivyo, tukichunguza mahali masomo yalipokatwa, tunaona alama za mkono wa mhariri. Somo la kwanza linaishia mstari wa 26 wa sura ya 40, kwenye nyota zinazoitwa kila moja kwa jina. Mstari unaofuata, ambao haukusomwa, ndipo watu wanapolalamika kwamba Mungu haioni njia yao. Lalamiko limezuiliwa lisitoke mapema. Somo la pili nalo linaanza mstari wa 14 wa sura ya 49, na limeuacha nje mstari wa 13, ambamo mbingu na milima vinaalikwa kuimba kwa sababu watu wamekwisha kufarijiwa. Shangwe imekatwa ili lalamiko liwe ndilo neno la kwanza. Hali kadhalika, ahadi kubwa za mwanzo wa sura ya 54 zimewekwa akiba mpaka baada ya malalamiko na baada ya Mungu kusema mwenyewe. Kukata kwa namna hii ni uhakiki: waliofanya hivyo walikuwa wasomaji wazuri kabla ya kuwa wapangaji wa ratiba.

Mazoea ya kuzichagua sura hizi kwa ajili ya faraja ni ya kale kuliko ratiba yenyewe. Miongoni mwa hati zilizopatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kuna moja inayojulikana kwa namba 4Q176, na ambayo wataalamu huiita Tanhumim, yaani "faraja". Ni mkusanyo wa vifungu, vingi vikiwa vya Isaya, kikiwemo kile cha mwanzo wa sura ya 40. Karne kadhaa baadaye tunakikuta kitabu cha Pesikta de-Rav Kahana, mkusanyo wa midrashi wa karne ya 5 au ya 6 hivi kutoka Palestina, ambacho kina sura maalumu kwa kila moja ya Sabato hizi saba. Kwa hiyo, tunapozungumzia mpangilio huu tunazungumzia kazi ya vizazi vingi vya wasomaji.

Mzizi mmoja unaoonekana na kutoweka

Tuingie sasa katika lugha yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo walimu na wanafunzi wetu watakapofaidi zaidi. Neno la kwanza la somo la kwanza kwa Kiebrania ni nachamu, nalo linasemwa mara mbili. Mzizi wake una konsonanti tatu, n-ch-m, na hubeba maana ya kufariji. Mzizi huohuo ndio unaorudiwarudiwa katika sura ya kwanza ya Maombolezo, mahali mji uliobomolewa unapoomboleza kwamba hauna wa kuufariji. Kwa msikilizaji wa sinagogi, aliyesikia Maombolezo siku chache tu zilizopita, neno la kwanza la Isaya 40 ni jibu la moja kwa moja: mfariji aliyekosekana sasa anatafutwa.

Tukiufuata mzizi huo katika masomo yote saba, tunaona jambo la kushangaza. Katika somo la kwanza uko katika hali ya kuamuru. Katika la pili unatumika kusema kwamba Sayuni na magofu yake vinafarijiwa. Katika la tatu uko katika kauli ya kutendwa na katika hali ya ukanushi: mtu ambaye hajafarijiwa. Katika la nne Mungu anautumia katika nafsi ya kwanza, akijitaja kuwa mfariji, na baadaye katika somo hilohilo linaulizwa swali la nani atakayemfariji Yerusalemu, kisha jibu linatolewa. Baada ya hapo mzizi huo hauonekani tena. Katika masomo ya tano, la sita na la saba haumo kabisa, labda tu mwangwi wake katika jina la Nuhu, ambalo kitabu cha Mwanzo hulieleza kwa kulihusisha na faraja. Mahali pake panajazwa na hema linalopanuliwa, mwanga unaopambazuka, malango yasiyofungwa na vazi la arusi.

Hatudai kwamba waliopanga masomo walikaa wakahesabu mizizi. Tunachosema ni kwamba matini, kama ilivyopangwa, inaonyesha ukweli ambao kila aliyewahi kuketi matangani anaujua. Neno la faraja hutajwa sana pale faraja inapokosekana. Mfiwa anapoanza kupona, watu huacha kumwambia "jikaze" na kuanza kumwuliza habari za shamba, za watoto na za nyumba. Faraja ikishafika haijitaji kwa jina.

Kiswahili kinapopokea maneno haya

Je, lugha yetu inayabeba vipi mambo haya? Tuchukue mifano minne.

Kwanza, kuna viambishi. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyochapishwa mwaka 1952, huanza sura ya 40 kwa kitenzi "watulizeni". Katika neno hilo moja tuna makundi mawili ya watu. Kiambishi "wa-" ni cha yambwa: hao ndio watakaotulizwa. Kiambishi "-ni" mwishoni kinaonyesha kwamba wanaoamriwa ni wengi. Kiebrania nacho kinaamuru kwa wingi, na ndiyo maana mapokeo yaliuliza: ni akina nani hawa wanaotumwa? Tafsiri ya kale ya Kiaramu ilijibu kwamba ni manabii. Tafsiri ya kale ya Kiyunani iliingiza makuhani katika mstari wa pili. Kilatini cha Jerome kiliwaita watu wenyewe, kana kwamba wao ndio wanaoambiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kufika mbali kuliona swali hilo, kwa sababu sarufi yake imekwisha kuwatenganisha msemaji, mtumwa na mfiwa. Bila kuwatenganisha hao watatu, tamthilia yote ya masomo saba haiwezekani.

Pili, kuna uteuzi wa msamiati. Union hutumia "tuliza mioyo" katika mwanzo wa sura ya 40, lakini katika mstari wa 3 wa sura ya 51 hutumia "fariji", ilhali mzizi wa Kiebrania ni uleule. Biblia ya Habari Njema, iliyokamilika miaka ya 1990, hutumia "fariji" tangu mwanzo. Kila uamuzi una faida na hasara. "Tuliza mioyo" huleta picha ya kitu kilichochafuka kikiachwa kitulie, na huandaa sikio kwa mstari wa pili, ambamo manabii wanaambiwa waseme na moyo wa Yerusalemu. "Fariji", kwa asili yake ya Kiarabu, hugusa maana ya kufunguliwa baada ya kubanwa. Lakini anayebadilisha kitenzi katikati ya safari huukata uzi tuliouonyesha hapo juu, na msomaji hawezi kuona kwamba ombi na jibu vimetumia neno moja.

Aidha, Kiswahili kina maneno mengine ambayo watafsiri wangeweza kuyafikiria. Kuna "liwaza", lenye upole wa mbembelezaji. Kuna "hani", neno linalotumika zaidi pwani, lenye maana ya kwenda kumpa pole aliyefiwa. Hili la mwisho lina bahati ya pekee. Kitenzi "kuhani" na nomino "kuhani", mtumishi wa hekalu, ni maneno mawili tofauti yaliyokutana kwa sauti tu, lakini mtu anayeisoma tafsiri ya kale ya Kiyunani atatabasamu akiwaona makuhani wakiambiwa waende kuhani.

Tatu, kuna kurudiarudia. Masomo haya yanapenda kulitaja neno mara mbili: fariji, fariji; mimi, mimi; amka, amka. Katika Kiebrania takriri hiyo huongeza nguvu. Katika Kiswahili inabidi tuwe waangalifu, kwa sababu uradidi wa kitenzi mara nyingi hupunguza uzito wa tendo au hulifanya la ovyoovyo. Mtoto anayelialia si lazima awe na msiba, na anayepigapiga mlango huenda hana haja kubwa ya kuingia. "Kumfarijifariji" mtu kungekuwa ni kumpa maneno mawili matatu na kuondoka. Ndiyo maana mkato kati ya vitenzi viwili katika tafsiri zetu ni muhimu: hutenganisha takriri ya msisitizo na uradidi wa kawaida. Wanafunzi wanaozungumza Kiganda watafurahi kulinganisha na okubudaabuda, kitenzi cha kufariji ambacho umbo lake lenyewe limerudiwa, wala hakipotezi uzito kwa sababu hiyo.

Nne, kuna jinsia. Sayuni katika Kiebrania ni mwanamke kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila amri anayopewa inabeba alama ya jinsia ya kike. "Inuka" ya sura ya 60 ni amri kwa mwanamke mmoja. Kiswahili hakina alama hiyo. Tunabaki na maneno kama tasa, mjane, mke aliyeachwa na bibi arusi kutuonyesha nani anasemeshwa. Badala yake tuna ngeli, na ngeli hizo hufanya kazi ambayo Kiebrania hakiwezi. Katika Union, Sayuni anapolalamika, kitenzi ni "alisema", upatanisho wa kiumbe chenye uhai. Lakini katika 51:3 tunasoma "ameufariji", upatanisho wa mji au mlima. Mhusika mmoja ni mtu anaposema, na ni mahali anapotendewa. Je, hilo ni kosa la kisarufi au ni uvumbuzi? Sisi tunaona kwamba ni fursa nzuri ya mjadala, kwa sababu inaweka wazi swali zima la tashihisi: je, tunafariji kuta au tunafariji watu?

Yasiyofariji ndani ya faraja

Uhakiki usiotaja upande wa pili ni sifa tu. Masomo haya hayana utamu peke yake. Sura ya 60 inaahidi kwamba mataifa yataleta mali zao Sayuni, na kwamba wana wa waliomtesa watakuja wameinama. Somo la saba, baada ya wimbo wa arusi, linaonyesha mtu anayetoka Edomu mavazi yake yakiwa mekundu, kama mkanyaga zabibu, na wekundu huo ni damu ya maadui. Mwalimu anayeyaruka haya ili darasa libaki na matumaini matupu anawanyima wanafunzi ukweli. Watu waliobomolewa mji huota pia adui akishindwa, na ndoto hiyo ni sehemu ya kilio chao. Tunaweza kuieleza bila kuishangilia.

Vilevile, msomaji Mkristo ataona kwamba somo la nne linaishia 52:12 na la tano linaanza 54:1, na kwamba shairi la mtumishi anayeteswa, lililo katikati, halimo katika masomo haya saba. Mengi yamebishaniwa kuhusu pengo hilo, na ubishi huo si wa makala haya. Kwa upande wa fasihi tunaona jambo moja: mhusika wa masomo saba ni Sayuni, mwanamke anayesema na kusemeshwa, mtumishi ni mhusika mwingine, tena asiyefungua kinywa chake. Katika tamthilia ambayo nguvu yake yote ni majibizano, mhusika aliyenyamaza angehitaji jukwaa lake mwenyewe.

Na karibu na mwisho wa somo la saba kuna herufi moja inayostahili kipindi kizima. Katika 63:9 matini ya Kiebrania imeandikwa neno lenye maana ya "si", lakini mapokeo ya usomaji huagiza lisomwe kama neno la sauti ileile lenye maana ya "kwake". Likisomwa kwa njia ya pili, maana inakuwa kwamba katika mateso yote ya watu, yeye naye aliteseka. Majuma saba yaliyoanza na Mungu akituma wajumbe kutoka mbali yanakaribia kumalizika na Mungu akiwa ndani ya msiba. Sauti ni moja, maandishi mawili, na tofauti ni kubwa kama ile ya mtu anayetuma rambirambi na mtu anayekuja kulala matangani.

Maneno haya hayako mbali nasi

Ingefaa tukumbuke kwamba hapa Uganda wapo watu ambao maandiko haya ni yao kwa namna ya pekee. Jamii ya Abayudaya, iliyo karibu na Mbale, ilianza mwaka 1919 wakati Semei Kakungulu alipoamua kuifuata dini ya Kiyahudi kwa kuyasoma maandiko. Chini ya utawala wa Idi Amin ibada zao zilipigwa marufuku, na idadi yao ikapungua sana kabla ya kuinuka tena baada ya mwaka 1979. Wanaimba Zaburi kwa Kiganda pamoja na Kiebrania. Kwa mwanafunzi wetu, kujua hivyo kunatosha kuliondoa wazo kwamba maandiko haya ni vitu vya makumbusho vya nchi za mbali.

Matumizi darasani

Tunawapendekezea walimu wenzetu mazoezi matatu. Zoezi la kwanza: wape wanafunzi mistari ya mwanzo ya masomo saba bila namba za sura, wakiwa katika makundi, nao waamue nani anasema na anasema na nani. Kisha wayapange wenyewe, na kila kundi litetee mpangilio wake mbele ya darasa. Zoezi la pili: watafsiri neno nachamu kwa vitenzi vinne, yaani fariji, tuliza, liwaza na hani, na waeleze kila kimoja kinamweka msemaji umbali gani na mfiwa. Zoezi la tatu: walinganishe masomo haya na adabu ya pole katika jamii zao. Anayeambiwa pole hujibu, na namna anavyojibu, kama ni "asante" au "nimeshapoa" au kimya, humwonyesha mgeni kama aendelee kukaa au aage.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ujumbe wa faraja katika masomo haya hauwezi kutenganishwa na utaratibu wake. Ukichukua somo la kwanza peke yake, una tangazo zuri. Ukichukua la saba peke yake, una wimbo wa arusi usiojua kilio. Kinachoyaunganisha ni majuma matano ya katikati, ambamo mfiwa anakataa, wajumbe wanakiri kwamba wameshindwa, na mwenye kuwatuma anakubali kusikia. Mapokeo haya hayakumlaumu Sayuni kwa kukosa imani. Yalimpa nafasi katika ratiba, yakakisoma kilio chake kwa sauti katika sinagogi, tena Sabato asubuhi.

Hapo ndipo lilipo jambo zito kwa idara kama zetu. Tunawafundisha vijana ambao kesho watakuwa walimu, watangazaji, watafsiri na viongozi wa dini, yaani watu ambao kazi yao itakuwa kuwaambia wengine maneno wakati wa msiba. Tukiwafundisha kwamba ujumbe wa matumaini ni sentensi moja ya kuandika katika karatasi ya mtihani, hivyo ndivyo watakavyowaendea wafiwa: na sentensi moja. Tukiwafundisha kuusoma mpangilio, watajua kwamba kuna wakati wa kusema, wakati wa kwenda kutoa ripoti kwamba hujafaulu, na wakati wa kurudi mwenyewe na kuketi.

Tunawakaribisha wasomaji, walimu kwa wanafunzi, watuletee maoni yao, hasa kuhusu maneno ya kufariji katika lugha zao za nyumbani na namna yanavyotafsirika kwa Kiswahili. Maoni hayo yatatufaa katika matoleo yajayo.